Tunagombania vyuma wakati historia ya meli za Ziwa Victoria inaondoka na karatasi

Tangu Daraja la JPM lifunguliwe pale Kigongo–Busisi Juni 2025, na tangu ile meli kubwa iliyojengwa bandari ya Mwanza Kusini ishushwe majini Februari 2023, kuna ubishi umeshika kasi hapa Mwanza ambao mimi naona unaenda kombo. Kuna wanaosema zama za meli kuukuu na vivuko vya kusubiria foleni zimeisha, sasa hivi unavuka ghuba kwa gari dakika chache tu, meli mpya inabeba watu 1,200, kwa hiyo yale mavyuma yaliyolala gatini yakatwe yauzwe kwa kilo tusonge mbele. Wengine wanasema hapana jamani hiyo ni historia, chukueni hata meli moja muivute nchi kavu pale karibu na Jiwe la Bismarck, ipakwe rangi, mlangoni pawekwe tiketi, watalii wakitoka Serengeti wapitie. Mimi nasema wote wanagombania chuma, na kwenye historia ya meli za ziwa hili chuma ndo kitu chenye haraka ndogo kuliko vyote. Kinachopotea leo hii wakati tunabishana ni karatasi na watu, yaani madaftari ya safari, michoro ya meli, orodha za wafanyakazi na abiria, na wale wazee waliotumikia chumba cha injini ambao kila mwaka tunawazika wawili watatu bila mtu kuwauliza swali hata moja. Meli inaweza kusubiri miaka 10 mingine ikiwa imepigwa rangi ya kuzuia kutu. Mzee wa miaka 80 hasubiri.

Ila kwanza tuwekane sawa kuhusu hiyo historia yenyewe maana wengi wanaianzia kwenye stima za Waingereza, kama vile kabla ya hapo ziwa lilikuwa la kuogelea bata. Kabla ya stima kulikuwa na mitumbwi mikubwa ya visiwa vya Ssese iliyotengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, bila msumari, na Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alikuwa na msafara wake wa mitumbwi ya vita ambao mvumbuzi Mzungu Stanley aliuona kwa macho yake mwaka 1875 alipozunguka ziwa na boti yake ya Lady Alice, boti iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani mpaka huku Usukuma. Miaka hiyohiyo kulikuwa na mfanyabiashara wa kutoka pwani aliyeitwa Songoro aliyekuwa anajenga jahazi pale Ukerewe, mpaka Desemba 1877 alipouawa pamoja na wamisionari wawili wa CMS, shirika la wamisionari Waanglikana wa Uingereza, kwenye ugomvi na Mtemi Lukonge wa Ukerewe. Yaani fundi jahazi wa mwambao alishafika ziwani, akachagua mti, akapasua mbao na akatweka tanga zaidi ya miaka 20 kabla stima ya kwanza haijagusa maji. Huyo Songoro alijenga jahazi la namna gani, alitumia mti gani, vijana gani wa Kikerewe walijifunza kwake? Ukitafuta hayo utapata mistari michache tu kwenye barua za wamisionari, na wenyewe walikuwa na shida zao nyingine kabisa.

Stima ya kwanza kubwa ilikuwa William Mackinnon iliyoingia majini Kisumu mwaka 1900, ikiwa imeletwa vipande kutoka Scotland wakati reli yenyewe ilikuwa haijafika ziwani, reli ilifika Desemba 1901. Baada ya hapo zikafuata nyingine, Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga, na hizi zote zilikuwa mali ya shirika la reli. Hili la reli naomba msomaji alishike maana ndo kiini cha matatizo yetu ya leo. Meli za ziwa hili zilianza kama reli inayoelea, kazi yake ilikuwa kukusanya pamba, ngozi na kahawa kuzunguka ziwa zima na kupeleka Kisumu zikapande treni ya Mombasa, na hata mzigo wa Mwanza ulipita huko mpaka reli ya kutoka Tabora ilipofika hapa mwaka 1928. Vita ya kwanza ilipokuja stima hizohizo zikafungwa mizinga, ndo zilizobeba askari kutoka Kisumu kuvamia Bukoba Juni 1915, na Julai 1916 Mwanza ikachukuliwa. Baadaye ikaja Victoria, iliyojengwa na Yarrow kule Scotland na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961, na kwenye miaka ya 60 hiyohiyo zikaja Umoja na Uhuru za kubeba mabehewa. Zote chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 meli ziligawanywa, huyu akachukua hii yule akachukua ile. Ila nyaraka za meli hazikugawanywa kwa akili hiyo, zilibaki pale zilipokuwa zimekaa, nyingine Nairobi, nyingine Kisumu, nyingine zikafuata ofisi zilizohama, na hapa kwetu kitengo cha meli kilikaa chini ya Shirika la Reli mpaka 1997 ilipoundwa Kampuni ya Huduma za Meli, MSCL, ambayo siku hizi inaitwa TASHICO. Kila ofisi inapohama kuna makabati yanabaki nyuma, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua makabati yaliyobaki nyuma huwa yanaishia wapi.

Sasa kwa nini nasema chuma hakina haraka, na tena chuma peke yake hakibebi historia? Angalia Liemba kule Kigoma ambayo ndo meli yetu maarufu kuliko zote. Ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isichukuliwe na adui, ila mafundi wake walikuwa wameshapaka mashine zake grisi nzito wakijua kuna siku itatolewa. Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya. Baadaye mashine za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Kila ukarabati unaondoa kitu na kuweka kingine. Victoria nayo hivyohivyo, ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi Agosti 2020 ikiwa na injini mpya, vyumba vipya, na jina jipya la New Victoria. Kuna watu walilalamika kwamba imeharibiwa historia yake na kuna watu waliojisifu kwamba ni meli mpya kabisa, na wote walikosea kwa sababu meli za maziwani ndivyo zilivyoishi siku zote, haziwezi kurudi kwao kutengenezwa, zimefungiwa ndani ya ziwa, kwa hiyo zinachongwa na kuungwa upya palepale zilipo na mafundi wa palepale. Historia yake ni huko kuungwaungwa. Kama hakuna karatasi inayosema bati lipi lilitolewa mwaka gani na nani alichomea lingine, basi hata ukiiweka meli nzima makumbusho umeweka ganda tu.

Nije kwa wale wa chakavu. Niseme ukweli hawa wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Meli iliyosimama ni hatari, huo sio ushairi. Mwaka 2024 MV Clarias ililala ubavu ikiwa imeegeshwa tu bandari ya Mwanza Kaskazini. Meli isiyotembea inahitaji mtu wa kuangalia pampu, mtu wa kukagua kama maji yanaingia, mtu wa kulinda mafuta yasivuje kwenye maji ambayo jiji zima linakunywa, na inakalia gati ambalo meli inayofanya kazi ingelitumia. Pia tusisahau kwamba hizi ni mali za kampuni ya umma ambayo inatakiwa ilipe mishahara, ukimwambia meneja atunze mzoga kwa ajili ya wajukuu zako ni haki yake kukuuliza bajeti iko wapi. Mimi kwa hiyo sina ugomvi na mtu anayesema meli fulani imefika mwisho ikatwe. Ugomvi wangu ni kwamba meli ikiuzwa chakavu huwa inauzwa na kila kilichomo, mkataji anaingia na gesi yake na kila kitu kinachong'oka ni chake, lile bamba la shaba lenye jina la mjenzi na mwaka, kengele, usukani, vibao vya chumba cha injini, na hata droo za mezani za nahodha na karatasi zake ndani.

Wale wa makumbusho nao wana hoja moja nzuri ambayo wengi wao hawaisemi, kwamba maji baridi hayali chuma kama maji ya chumvi, ndo maana maziwa yana meli za zaidi ya miaka 100 wakati bahari ishamaliza za rika lake. Kule Peru kwenye Ziwa Titicaca kuna Yavari, ilijengwa London mwaka 1862, ikapandishwa milimani vipande vipande kwa nyumbu, na leo ni makumbusho. Kwa hiyo inawezekana. Lakini wanaotaja Yavari wangetaja na Chauncy Maples ya Ziwa Nyasa, stima ya wamisionari iliyoingia majini 1901, ambayo wafadhili wa Uingereza waliipenda kweli, wakaivua vipande ili waigeuze kliniki inayoelea, kazi ikasuasua, gharama zikapanda, kliniki haikuelea. Meli ni kitu kikubwa na kina njaa ya hela kila mwaka, sio mwaka wa uzinduzi tu. Sisi hapa mkoani makumbusho tunayojivunia ni Bujora pale Kisesa, iliyoanzishwa na Padri David Clement na Wasukuma wenyewe, na ikadumu kwa sababu ilianza na ngoma, viti vya watemi na watu wanaojua kuzipiga hizo ngoma. Hawakuanza na jengo la ghorofa. Na kama mtu ana hamu kweli ya kuonyesha watalii chuma, MV Umoja bado inafanya kazi. Ukikaa nyuma yake unaona reli zimelazwa juu ya sitaha, na pale gatini kuna daraja la chuma linalopanda na kushuka kufuata uzito wa meli, behewa likisukumwa ndani upande mmoja meli inainama kidogo, na wanaopakia lazima wajue lifuatalo liingie upande gani na lisimame wapi ili isalie sawa. Hicho kitendo kina historia kuliko meli yoyote iliyopakwa rangi ikatulia, na kinafanywa na watu ambao hakuna aliyewarekodi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayonichosha, ni ile ya "hiyo historia ya wakoloni bwana haituhusu". Haituhusu vipi? Stima ilikuwa na nahodha Mzungu mmoja na mhandisi Mzungu mmoja au wawili, waliobaki wote walikuwa watu wa huku na wa pwani na Wahindi. Aliyechochea kuni kwenye boila ni nani? Aliyesimama mbele na kamba ya risasi kupima kina alikuwa nani? Aliyebeba magunia ya pamba kutoka mwaloni mpaka sitahani, akapanda ubao mwembamba na gunia kichwani, alikuwa Mmarekani? Vipande vya William Mackinnon vilibebwa na nani kabla ya reli? Ukisema haiwahusu Waafrika unamaliza kazi ambayo mkoloni mwenyewe aliianza, ya kuandika jina la meli na kuacha jina la mchochea moto. Na hapohapo inafuatia dada yake, kwamba "kila kitu kipo kwenye intaneti". Kipo ndiyo, nenda ukaangalie. Utaikuta Usoga ilijengwa na kampuni gani na mwaka gani, yote kwa Kiingereza, yameandikwa na wapenzi wa meli wa Uingereza ambao nawashukuru sana maana bila wao tusingekuwa na hata hayo. Lakini wao wanafuata kilichojengwa kwao. Meli ikishaondoka kwao hadithi yao inakuwa imekaribia mwisho, wakati yetu ndo inaanza.

Hapa Mkuyuni kuna mzee jirani yetu alikuwa mpaka mafuta, yaani mtu wa kupaka mashine mafuta, kwenye chumba cha injini enzi za shirika la reli. Ana kopo la maziwa ya unga, ndani kuna daftari lililoandikwa kwa penseli, Kiswahili kimechanganyika na Kiingereza cha mashine. Kurasa nyingine ni kiasi cha mafuta, nyingine ni joto la beringi saa ngapi. Halafu katikati unakuta maelezo kama vile ukitoka bandari ya Kemondo kule Kagera usiku na mvua ya radi inakuja uanze kupunguza injini wapi, na kwamba meli fulani ikijaa ndizi juu na chini hamna kitu inachelewa kujiinua ikilala. Nilimuuliza ofisini walimwambiaje kuhusu hilo la ndizi, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa mpaka mafuta, nani aniulize?" Wanae wanaona lile kopo ni uchafu. Akiondoka yule mzee daftari lina wiki moja ya kuishi, labda mbili kama msiba utakuwa na watu wengi na hakuna nafasi ya kufagia. Na daftari hilo ukilisoma vizuri ni habari za usalama wa abiria, sio kumbukumbu tamu za ujana.

Ndo maana sioni jinsi ya kuongelea historia ya meli za ziwa hili bila kuongelea MV Bukoba, na naona inaongelewa vibaya. Mei 21, 1996 ilizama ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800, na hatujui idadi kamili mpaka leo kwa sababu moja ya karatasi: orodha iliyokuwepo ilitaja watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Yaani wale wenye mikungu ya ndizi, akina mama wachuuzi, wanafunzi, waliolipa nauli ndogo, hawakuandikwa popote. Halafu angalia maajabu ya dunia, mmoja wa waliozama alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, kigogo wa al-Qaeda aliyekuwa anajificha, na huyo jina lake linajulikana duniani kote kwa sababu wapelelezi walilitafuta. Mama aliyekaa pembeni yake hajulikani. Kule Marekani kwenye Ziwa Superior meli ya mizigo Edmund Fitzgerald ilizama Novemba 1975 na watu wake wote 29, hakuna aliyepona. Mwaka 1995 kengele yake ilipandishwa ikawekwa makumbusho, na kule chini ikashushwa kengele nyingine iliyochorwa majina yote 29. Waliweza kwa sababu walikuwa na majina. Sisi pale Igoma tuna makaburi na mnara, kila mwaka watu wanaenda kuomba dua, viongozi wanaweka mashada, ni jambo jema, lakini huwezi kuchora majina ambayo huna, na njia pekee iliyobaki ya kuyapata ni kuwauliza waliobaki, kijiji kwa kijiji kule Kagera, huku Mwanza, na Ukerewe.

Watu wanasema kila siku kwamba tumejifunza kwa Bukoba. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, uwezo wake abiria 101, waliokufa zaidi ya 220, na swali la kwanza lililoulizwa siku ile lilikuwa lilelile la 1996, ndani walikuwa wangapi? Miaka 22 imepita katikati. Simaanishi kwamba makumbusho ingezuia kivuko kupinduka, tusifanye mzaha na misiba ya watu. Ninachosema ni kwamba jamii ambayo haitunzi karatasi za meli iliyozama haitakuwa na mazoea ya kutunza karatasi za meli inayoelea, hizo ni tabia moja. Meli ya ziwani inayokaa miaka 60 inapita mikononi mwa mafundi vizazi vitatu, na kila kizazi kinahitaji kujua kile kilichopita kilibadilisha nini, uzito uliongezwa wapi, tangi gani lilizibwa. Bahati mbaya sana maarifa hayo mengi yapo vichwani. Fundi akistaafu yanaenda kijijini kulima.

Kuhusu sheria nako watu wanadanganyana. Wengi wanadhani meli ikizeeka inalindwa yenyewe tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 mwaka inaoutumia kwa vitu vinavyolindwa moja kwa moja ni 1863, vilivyotengenezwa kabla ya hapo. Stima ya kwanza hapa ni 1900. Kwa hiyo hakuna hata meli moja ya ziwa hili inayoingia bila waziri kuitangaza, na waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemwandikia. Upande wa nyaraka hali ni nzuri zaidi na hakuna anayeiongelea. Kwa utaratibu wa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, kumbukumbu za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30. Ajali ya Bukoba ilikuwa 1996. Tume ya Jaji Robert Kisanga ilikaa, ikahoji watu, ikapokea vielelezo, na mimi naamini ushahidi ule, kama upo salama, ndo hazina kubwa kuliko zote ya historia ya meli za ziwa hili, kwa sababu ni mara pekee ambapo mabaharia, wakaguzi, wapakiaji na abiria waliulizwa maswali kwa kina na majibu yakaandikwa. Miaka 30 tangu ajali ni Mei 2026. Sasa je, kuna mtu ameanza kuuliza hayo mafaili yako wapi, yamekaa kwenye chumba kikavu au yanaliwa na mchwa? Huo ungekuwa mjadala wa maana kuliko kubishana rangi ya kupaka meli.

Na kazi yenyewe sio ghali, hilo ndo linaniuma. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, pale Malimbe kina wanafunzi wa uandishi wa habari kila mwaka wanaotafuta kazi ya kufanya, simu zao zinarekodi vizuri kuliko mitambo ya redio ya zamani, wapelekwe Igogo, Mkuyuni, Kirumba, Nansio, wakae na wazee wa meli na wa vivuko. Wasiulize "ulijisikiaje", waulize zamu ilianza saa ngapi, nani alikufundisha, mzigo wa ndizi mlipanga vipi, ziwa likichafuka nahodha alikuwa anaamua nini na nani alimbishia, mwenzenu gani aliumia na alilipwa nini. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo chake cha kanda hapahapa Mwanza, madaftari kama la yule mzee yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa na mwenyewe arudishiwe kopo lake. Wakenya na Waganda tuombane orodha tu kwanza, sio mafaili yenyewe, orodha ya kipi kipo wapi, maana meli hizi zilikuwa za wote na Nairobi wana makumbusho yao ya reli tangu 1971, hatuanzi na ukurasa mtupu. Barua ya kuulizia mafaili ya tume iandikwe na ofisi ya mkoa, ikiandikwa na mimi itajibiwa "tumepokea". Chuma kije baada ya hayo yote, na chenyewe kina dawa rahisi: meli yoyote ya umma ikipelekwa mnadani, mkataba wa mnunuzi wa chakavu uwe na kipengele kwamba bamba la mjenzi, kengele, usukani, michoro na kila karatasi iliyomo ndani vinatolewa na kuorodheshwa mbele ya mtu wa nyaraka kabla gesi ya kwanza haijawashwa, na asiyekubali kipengele hicho asiuziwe.